Nilipie dola kwa kadi gani kabla ya kuja Tanga?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi ujao nakuja Tanga, mdogo wangu anaolewa Makorora. Nataka kununua dola huku Uingereza kabla sijapanda ndege. Nilipie kwa kadi ya mkopo au ya debiti, ile inayokata hela zangu moja kwa moja kwenye akaunti? Shoga yangu ananiambia kadi ni kadi, zote sawa. Aliyewahi kufanya hivyo naomba anieleze.

*

Wa alaykum salaam dada, na hongera kwa arusi. Haziko sawa hata kidogo. Mimi niko likizo hapa Ngamiani, na jambo hili limenigharimu, kwa hiyo nakuomba unisikilize.

Safari iliyopita nilinunua dola pale uwanja wa ndege kwa kadi ya mkopo, za pauni 500. Bango la dukani lilisema hakuna makato, na kweli duka halikukata kitu. Aliyekata ni benki yangu. Taarifa ya kadi ilipokuja nikakuta pauni 15 za ziada, na riba juu yake. Kupiga simu, naambiwa kununua fedha za kigeni kwa kadi ya mkopo kunahesabiwa kama kutoa taslimu kwenye mashine. Kadi nyingi za huko hukata kama asilimia 3 papo hapo, na riba huanza siku ileile. Ile nafasi ya wiki kadhaa bila riba unayopata ukinunua viatu, hapa haipo. Hata ulipe deni lote kwa wakati, riba ya siku zile imeshaingia. Iliniuma sana, maana zile zilikuwa hela za dawa za mama.

Kadi ya debiti ina unafuu. Mwaka 2011 Consumer Focus, waliokuwa wakitetea watumiaji huko Uingereza, walipeleka malalamiko rasmi serikalini kuhusu makato haya, na benki kadhaa zikakubali kuacha kuwakata wanaonunua fedha za kigeni ndani ya nchi kwa kadi ya debiti. Hata hivyo iulize benki yako kwanza, na uulize hivi: "Mnahesabu kama manunuzi au kama kutoa taslimu?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua.

Lakini dada, dola za nini? Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bidhaa na huduma za humu nchini zilipwe kwa shilingi. Mpishi, mpambaji, mwenye maturubai, wote utawalipa shilingi. Ukinunua dola unabadilisha mara mbili, pauni kuwa dola, kisha dola kuwa shilingi, na kila mara kuna anayekula chake katikati. Mimi safari hii nimekuja na pauni zenyewe, nimebadilisha benki hapa mjini kwa pasipoti yangu. Angalia tu zisiwe zile za karatasi za 20 na 50, ziliondolewa kwenye matumizi tangu 30 Septemba 2022. Na kama dola lazima, chukua noti za 100 au 50, mpya, zisizo na mkunjo wala wino. Za kabla ya 2006 utarudi nazo, na noti ndogondogo hupewa bei ya chini.

*

Ahsante sana kaka, Mungu akulipe. Na nikitoa kwenye ATM hukohuko Tanga?

*

Inawezekana, ila makato yako pande mbili, mashine ya hapa na benki yako ya huko. Noti yetu kubwa ni 10,000, kwa hiyo mashine haikupi nyingi kwa mkupuo. Ikiwa makato ni kiasi kilekile kila mara, usitoe elfu hamsini hamsini. Toa kiwango cha juu, uhifadhi nyumbani.

Jambo moja zaidi. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa pauni au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua pauni, bei ya kubadilishia anapanga mwenye mashine, na hakupangii wewe upate faida. Hata hotelini wakikuletea kile kimashine cha kadi, ni hivyohivyo.

Benki Jumamosi hufunga mchana. Ukifika Ijumaa usiku, nipigie; nitakukopesha za bajaji na za kutunza arusini mpaka Jumatatu.