Kupima mzingo wa Dunia kwa kivuli: Mwanza tushirikiane na shule ipi?

Mwl_Nyegezi
Habari za leo wakuu. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamekariri kwamba mzingo wa Dunia ni kilomita 40,000 na ushee. Nataka waitafute namba hiyo wenyewe kwa kivuli cha jua, kama alivyofanya Eratosthenes, Mgiriki wa kale, kule Misri: kulinganisha pembe ya jua ya sehemu mbili, moja kaskazini ya nyingine. Shule moja ya Bukoba iko tayari kupima siku moja na sisi. Nafikiria Machi 21, jua likiwa ikweta. Mnashauri nini kuhusu siku, saa na vifaa?

Timazi
Mwalimu, Bukoba iko karibu mno. Tofauti ya latitudo ni digrii 1.2 tu, na jua lenyewe angani lina upana wa nusu digrii. Ukikosea kidogo kusoma ncha ya kivuli, jibu lote limeharibika. Tafuta shule Mbeya. Mwanza iko 2°31′ kusini, Mbeya 8°54′, tofauti ni digrii 6.38. Uzuri zaidi, longitudo zinakaribiana (32°54′ na 33°27′), kwa hiyo jua linafika kilele kwa kupishana dakika mbili tu.

Machi nayo iache. Jua liko karibu na utosi, fimbo ya mita 1 hapa Mwanza inatoa kivuli cha sentimita 4.4, na mvua za masika ndizo hizo. Pima Juni 21: Mwanza mtapata kama sentimita 48.7, Mbeya 63.3, na ni kiangazi kote kuwili. Tena wiki hiyo jua halisogei sana kaskazini wala kusini, hivyo Mbeya wakipata mawingu wanaweza kupima kesho yake bila hasara.

Msipime saa sita kamili! Saa zetu zinafuata longitudo ya 45, ambayo iko mbali mashariki mwetu. Siku hiyo jua linafika kilele saa 6:50 Mwanza na saa 6:48 Mbeya. Anzeni saa 6:30, wekeni alama kila dakika tatu hadi saa 7:10, kisha chukueni kivuli kifupi kuliko vyote.

Fundi_Kirumba
Naongezea upande wa vifaa. Nondo iliyonyooka inatosha, ila isimamishwe kwa timazi (uzi wenye uzito unaoning'inia wima), na ubao wa kupokea kivuli ulazwe kwa pima maji. Nondo ikiinama digrii moja tu kuelekea kaskazini au kusini (sentimita 1.7 kileleni), jibu linapotea kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Ncha ya kivuli haitakuwa kali, itafifia kwa kama sentimita moja. Bandika kileleni kadi ngumu yenye tundu la milimita 5, uilaze sambamba na ubao. Ndani ya kivuli cha kadi kutatokea duara dogo la mwanga. Weka alama katikati yake. Urefu sasa unahesabiwa kutoka ubaoni hadi kwenye tundu, na kivuli kinaanzia pale timazi iliyoning'inizwa tunduni inapogusa ubao.

Mwl_Nyegezi
Asanteni sana. Umbali wa Mwanza na Mbeya nitoe wapi, barabara au simu?

Timazi
Barabara inazunguka. Na ukichukua latitudo za simu ukazidisha kwa kilomita za digrii moja, utakuwa umeshaingiza ukubwa wa Dunia kwenye hesabu kabla ya kuupima. Tumia ramani ya karatasi yenye skeli, upime kaskazini–kusini tu, si mshazari. Kwenye skeli ya 1:2,000,000 utapata sentimita 35.3, yaani kilomita 706.

Kivuli gawanya kwa urefu, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, toa ya Mwanza kwenye ya Mbeya. Tofauti hiyo ndiyo sehemu ya duara la digrii 360 iliyo kati ya miji hiyo, kwa hiyo 706 × 360 ÷ tofauti. Ikitoka 6.38, jibu ni kilomita 39,837. Kosa la milimita 2 Mbeya linasogeza jibu kwa kilomita 500 hivi, kwa hiyo wakipata kati ya 38,000 na 42,000 wamefanya kazi nzuri.

Ramani_Isamilo
Wanafunzi wakali watauliza kwa nini hata hesabu safi inaishia 39,800 wakati mzingo wa kupitia ncha mbili za Dunia, ya kaskazini na ya kusini, ni 40,008. Si kosa lao. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo cha ikweta ni kilomita 6,378, cha nchani 6,357. Kwa sababu hiyo karibu na ikweta uso wake umejipinda zaidi kuelekea kaskazini na kusini, na digrii moja ya latitudo ni kilomita 110.6, karibu na ncha ni 111.7. Sisi tunapima kwenye sehemu iliyojipinda zaidi.