Kijana wangu hakuchaguliwa kwenye drafti ya NHL. Arudi ligi ya vijana au aende chuo? Naomba ushauri

Baba Mapacha (Alberta), Jumapili 29 Juni 2025

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji tu humu miaka yote, leo limenifika shingoni. Wale ambao hoki ya barafu haiwahusu mnivumilie kidogo: NHL ndiyo ligi kuu ya hoki huku Amerika Kaskazini, na drafti ni pale timu zake zinapochagua vijana kwa zamu.

Niko huku Kanada mwaka wa kumi na tisa, naendesha malori ya masafa. Kijana wangu mkubwa kazaliwa hapahapa Januari 2007. Akiwa na miaka sita jirani yetu alimwaga maji nyuma ya nyumba yakaganda, akawaita watoto wote wa mtaa kuteleza, na wa kwangu hakurudi ndani mpaka leo. Sasa ni beki, amecheza misimu miwili WHL, ligi ya vijana ya huku magharibi, anaishi kwa familia ya wenyeji mwendo wa saa tano kutoka kwetu. Magongo, viatu, usafiri, kambi za kiangazi, sitaki hata kupiga hesabu. Gongo moja tu la maana ni zaidi ya dola mia tatu na hamsini, na linavunjika kama kijiti cha meno.

Juzi na jana ilikuwa drafti. Timu 32, raundi saba, majina 224. Skauti walikuwa wamemweka kwenye orodha yao, huko chini lakini yumo, na wakala akatuambia raundi ya sita au ya saba tutarajie. Mama yake akapika pilau. Majirani wakaja, mchungaji akaja. Ilipofika raundi ya tano watu wakaanza kuzungumzia mvua. Ya saba ikaisha, televisheni ikaendelea kupiga muziki wake, na hakuna aliyethubutu kugusa sahani. Kijana akasimama, akasema asanteni kwa kuja, akashuka gereji. Tukawa tunasikia tak, tak, tak, anapiga ukutani, mpaka saa tano usiku. Nilishuka mara mbili kwenda kuongea naye, mara zote mbili nikaishia kwenye ngazi.

Sasa hali iko hivi. Kuna timu moja ya NHL ilipiga simu hata nusu saa haijapita, inamwalika kambi ya vijana kuanzia Jumatano. Hawaahidi chochote. Timu yake ya WHL inamtaka arudi. Kuna chuo Marekani kimekuwa kikimfuatilia tangu sheria ya vyuo ilipobadilishwa, wanasema kuna skolashipu. Na kuna jamaa anasema anaweza kumtafutia mkataba Ulaya, ila tumpe kwanza dola elfu nne za kushughulikia makaratasi.

Kaka yangu kutoka Moshi ameshanipigia, anasema mtoto mweusi na barafu wapi na wapi, mwambie asome uhandisi. Kusema kweli jana usiku nilimuelewa.

Nifanye nini?

Barafu ya Ukwaju (Dar)

Ngoja wajuzi waje, mimi barafu naijua ya kwenye kifuko, shilingi mia. Lakini mkuu umesema gongo dola mia tatu na hamsini? Huku Temeke kwa hela hiyo unanywesha kata nzima na mjumbe wao.

Mzee wa Minnesota

Huyo hapo juu msimjali, kila uzi yumo.

Baba Mapacha, pole kwanza. Nimefundisha watoto hoki kwa kujitolea huku miaka kumi na moja, mabinti zangu wawili wanacheza, kwa hiyo nachokwambia nimekiona.

Ondoa kichwani kwamba amekataliwa. Aliyechaguliwa raundi ya saba ni mali ya timu moja. Hata kama timu hiyo ina mabeki kumi wa umri wake, hawezi kuongea na nyingine mpaka haki zao ziishe. Wako yuko huru. Kiangazi hiki timu yoyote kati ya 32 ikimpenda inaweza kumsainisha, na wasipomsainisha, kwa kuwa kazaliwa 2007, jina lake linarudi kwenye drafti ya 2026 na ya 2027. Kuna vijana wanachaguliwa wakiwa na miaka 19 au 20 baada ya kurukwa mara moja au mbili. Mabeki hasa huchelewa kuiva. Mwaka 2019 beki bora wa NHL alikuwa Mark Giordano, ambaye hakuwahi kuchaguliwa na timu yoyote.

Sasa soma habari za Joel Ward, na umsomee kijana. Wazazi wake walitoka Barbados wakahamia Toronto. Alicheza ligi ya vijana ya Ontario mpaka umri ukamtoka, hakuna aliyemchagua. Akaenda chuo kikuu cha Prince Edward Island, kisiwani huko ambako skauti hawafiki, akasoma na kucheza miaka minne. Baada ya hapo akapata majaribio Houston kwenye AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL. Msimu wake wa kwanza kamili wa NHL, pale Nashville, aliuanza akiwa na miaka 27. Alikuja kucheza zaidi ya mechi 700. Aprili 2012 ndiye aliyefunga bao la muda wa nyongeza lililowatoa Boston katika mechi ya saba, na usiku uleule akatukanwa rangi yake mtandaoni na watu chungu nzima. Kaka yako wa Moshi mwambie hilo lote, na matusi usiyafiche, kijana wako bila shaka ameshakutana nayo.

Kambini mpeleke. Wanakaa siku chache, wanapimwa, wanafundishwa kula na kulala. Asiende kuonyesha maajabu, aende na daftari.

Mama Eli (Saskatchewan)

Mzee wa Minnesota umesema vizuri, lakini msimlishe mzazi majina ya walioshinda tu. Hawa wasioshinda nani anawaandika? Mimi ninaye mmoja, yuko chumba cha chini sasa hivi amelala.

Wangu hakuchaguliwa. Alipomaliza ligi ya vijana akapata timu ya ECHL, ile ngazi ya tatu. Kule wanalipwa kwa wiki, na wiki zenyewe ni za msimu tu. Nyumba timu inatoa, ila kiangazi unarudi kwa mama. Basi usiku kucha, mechi tatu kwa siku tatu, miji mitatu. Mara mbili alipandishwa AHL kwa mkataba wa majaribio, ule wa mechi zisizozidi ishirini na tano. Nilinunua tiketi ya ndege kwenda kumuona, nilipofika alikuwa ameshashushwa. Nikamkuta hotelini anakula tambi za kopo, ananiambia mama usilie, ndiyo kazi.

Sijutii kumwacha ajaribu. Ninachojutia ni skolashipu. WHL kila msimu unaocheza wanakuwekea mwaka mmoja wa ada na vitabu. Wangu alikuwa na minne. Sasa zile ada zina tarehe ya mwisho ya kuanza kuzitumia, na ukienda ligi ya kulipwa saa inaanza kukimbia. Hatukusoma ile karatasi. Alipoacha hoki akiwa na miaka 24, goti limekwisha, miaka minne ya chuo ilikuwa imeshaoza. Analipa mwenyewe, anafanya kazi bohari usiku.

Baba Mapacha, kabla hujampeleka popote, itoe hiyo karatasi leo. Ina kipengele cha muda na kipengele cha mkataba wa kulipwa. Usichokielewa, waulize kwa barua pepe, wajibu kwa maandishi. Simu haihesabiki.

Baba Mapacha

Mama Eli, pole sana dada yangu. Karatasi nimeitoa, kumbe mke wangu alikuwa ameiweka pamoja na vyeti vya chanjo. Tarehe ipo kweli. Sikuwahi kuiona.

Dokta Mchele (Boston)

Niongezee kwenye suala la chuo, nafanya kazi upande wa wanafunzi wa kimataifa kwenye chuo kimoja huku.

Zamani ukicheza hata mechi moja WHL, vyuo vya Marekani vilikuwa vimekufungia mlango. Novemba 2024 NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, walipiga kura kuubadilisha huo mwiko, na unaanza kufa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huu. Kwa hiyo mtoto wako ni kundi la kwanza kabisa kuwa na njia hii, na ndiyo maana ushauri wa watu wa miaka mitano iliyopita usiumeze wote.

Mambo ya kuangalia. Akisaini mkataba wa NHL, chuo basi. Huyo mnayemwita wakala, kwa macho ya chuo awe mshauri wa familia tu, msiwe mmesaini naye karatasi ya asilimia. Kabla ya Jumatano kijana amwandikie kocha wa chuo kumwambia anakwenda kambini, waambiwe nani anaruhusiwa kulipa tiketi na hoteli, kwa siku ngapi. Na hilo neno skolashipu lisikulevye. Ni asilimia ngapi? Miaka mingapi? Akiumia inabaki? Kocha akifukuzwa inabaki? Nimeona wazazi wetu wakisikia skolashipu wanaanza kuita ndugu, kumbe ni robo ya ada.

Uzuri wa chuo kwa beki anayechelewa ni kwamba mechi ni chache, mazoezi na vyuma ni vingi. Anapata miaka ya kukua bila mtu kumuuza. Martin St. Louis ndiyo njia yake hiyo. Mfupi, hakuchaguliwa, miaka minne Vermont. Calgary walimchukua wakamwacha mwaka 2000, na mwaka 2004 akawa mchezaji bora wa ligi nzima na kombe juu, akiwa Tampa Bay. Leo ndiye kocha wa Montreal.

Kuhusu jamaa wa dola elfu nne: mkimbie. Wakala halali anakula asilimia mkataba ukishapatikana, na wanaotambuliwa na chama cha wachezaji wa NHL majina yao yako hadharani kwenye tovuti ya chama, dakika mbili unamtafuta. Isitoshe mkataba wa kulipwa Ulaya unaweza kumfungia chuo.

Barafu ya Ukwaju

Elfu nne za makaratasi? Hata huku kwetu matapeli wanaanza na laki mbili, wana adabu.

Otis wa Mombasa Road (Nairobi)

Baba Mapacha, mimi ni Mkenya, nacheza hoki pale Panari, kiwanja chetu cha hoteli, kidogo hivi kwamba ukikimbia vizuri unagonga ukuta kabla hujafika speed. Tuko na timu yetu, Ice Lions, na 2024 Kenya ilikubaliwa kwenye shirikisho la dunia la hoki. Vijana wetu wengine walianza na roller kwenye lami, ngozi ya goti ilibaki hapo.

Sina ushauri wa drafti, hiyo ni level nyingine kabisa. Nilitaka tu ujue kuna watoto hapa wakisikia kuna Mswahili beki amecheza misimu miwili WHL, hawatauliza alichaguliwa raundi gani. Akipata nafasi atutumie video akigeuka kinyumenyume, hiyo kitu inatusumbua sana. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wahenga hawakuwahi kuja Panari.

Nguzo Tano

Mimi niko na kaka wa Moshi. Mshahara wa chini NHL kwa msimu wa 2025-26 ni dola laki saba na elfu sabini na tano, sawa, lakini wanaofika ni wangapi? Hata ukisaini, mikataba mingi ya mwanzo ina mishahara miwili: ukiwa juu unalipwa wa juu, ukishushwa AHL unalipwa wa chini, na unaweza kupanda na kushuka ndani ya wiki moja. Mtoto aende shule. Michezo ni kamari.

Mama Eli

Nguzo Tano, shule ndiyo tunayoisema tangu asubuhi, soma uzi kwanza. Hakuna aliyesema aache shule. Na Baba Mapacha, katika maelezo yako yote sijaona mahali kijana mwenyewe amesema anataka nini. Umemuuliza?

Baba Mapacha

Hapana. Ndiyo ukweli. Naona tangu jana tunaongea juu ya kichwa chake.

Baba Mapacha, Jumatatu 7 Julai

Wakuu, mrejesho, maana niliahidi inbox kwa watu wengi, bora niweke hapa.

Jamaa wa elfu nne nimemtafuta kwenye orodha ya chama, hayumo. Nilipomuuliza akasema yeye ni wakala wa mawakala. Nimemfungia.

Jumatatu ile nilimpeleka kijana uwanja wa ndege mwenyewe, saa moja na nusu njiani. Nikamuuliza swali la Mama Eli. Alinyamaza mpaka tulipopita kituo cha mafuta, halafu akasema baba, mimi sikulia kwa ajili ya drafti, nililia kwa sababu mama alipika pilau yote ile. Nilishika usukani tu.

Kambini hawakumpa mkataba. Kocha wao wa mabeki alikaa naye dakika kumi na tano, akamwambia kitu kimoja: anapogeukia kushoto anainuka, anasimama wima, washambuliaji wanapita hapo. Kaandika kwenye daftari na mchoro juu. Mzee wa Minnesota, asante kwa daftari.

Uamuzi ni wake, na mimi nimeuunga mkono. Anarudi WHL msimu mmoja, chuo anaanza 2026, na chuo kimeandika kwa maandishi kwamba nafasi ipo, asilimia themanini, miaka minne, akiumia inabaki. Hizo ada za WHL tumeandika barua pepe kuuliza zitakuwaje akienda Marekani, tunasubiri jibu. Otis, video inakuja, ya kugeukia kulia kwanza, hiyo ya kushoto bado ina aibu.

Jana usiku nikasikia tena tak, tak huko gereji. Safari hii nilizimaliza ngazi zote. Nilikaa juu ya begi lake, ambalo linanuka kama kitu kilichokufia mtoni, nikawa namrudishia. Mama yake alituita kula mara tatu.

Barafu ya Ukwaju

Hongereni mkuu. Swali dogo tu: gongo la dola mia tatu na hamsini mnapigia ukuta wa saruji?

Baba Mapacha

Hilo lilishavunjika zamani. Nimelifunga tepu.