Naomba ushauri: nijazie nini kwenye nyasi bandia kando ya bwawa?

Habari za leo wakuu. Nimetandika nyasi bandia kuzunguka bwawa la kuogelea nyumbani, Kigamboni. Chini kuna kokoto zilizoshindiliwa, maji yanapita vizuri. Kasheshe ni cha kujazia kati ya majani. Fundi anang'ang'ania chenga za mpira mweusi, lakini jua la Dar likiwaka zile zinaunguza nyayo, na wanangu hapo hawavai ndala. Nimejaribu mchanga wa kawaida kwenye kona moja: unanata kwenye miguu yenye maji, unaishia bwawani, chujio la pampu linaziba. Nasikia kuna mchanga wa chembe za mviringo uliopakwa akriliki (aina ya plastiki). Kwa aliyeutumia, unatulia ukimwagikiwa maji ya klorini kila siku? Na nyasi zenye urefu wa milimita 30 zinataka kilo ngapi kwa mita ya mraba?