Mliobaguliwa kazini Marekani, tupeane uzoefu

Mleta mada
Habari zenu wabeba boksi wenzangu. Kila harusi ya Waswahili hapa Columbus, Ohio, nasikia kisa kilekile: fulani kaonewa kazini, kanyamaza, kahama. Naanza na changu.

Nilikuwa natunza wazee, mwaka wa sita. Nafasi ya kusimamia zamu ya usiku ikatangazwa, nikaomba. Meneja akasema lafudhi yangu itazichosha familia za wagonjwa. Familia zenyewe ndizo zilizokuwa zinanipigia saa nane usiku kuuliza mama kalalaje! Nikatoka mpaka kwenye gari, nikaandika nyuma ya risiti ya mafuta: tarehe, saa, maneno yake, nani alikuwepo. Risiti ile ndiyo iliyonibeba. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sura ya saba, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake. Lafudhi inahesabiwa kwenye asili, labda iwe kweli inakwamisha kazi. Nikapeleka malalamiko EEOC, tume ya fursa sawa za ajira, wala sikulipa hata senti. Tukamalizana kwenye usuluhishi. Kiasi msiniulize, nilisaini kutosema.

Bintimvita
Hongera dadangu. Mimi niko ghala la vifurushi, Minneapolis. Disemba huku jua latua saa kumi na nusu, magharibi yanikuta katikati ya zamu. Supavaiza akawa anisimamia na saa mkononi. Dakika tano za swala aziandika uzembe, ila wavuta sigara hawaulizwi. Binamu yangu akanipa kesi ya 2023 ya yule mtu wa posta, Mkristo aliyekataa kazi ya Jumapili. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema mwajiri hawezi kukataa kwa usumbufu mdogo tu, aonyeshe mzigo mzito kwa biashara yake. Nikaandika barua, nikaitaja kesi. Wiki mbili, wakasogeza mapumziko yangu. Mlokole kanisaidia kuswali, wallahi!

Fundi Bukavu
Miye nilikuwa garaji, tuko watu kumi na moja. Patron ananiita jina la mnyama mbele ya wateja. Nikaambiwa sheria ya serikali kuu, Washington, inaanzia wafanyakazi 15, nikakata tamaa. Kumbe ya jimbo la Ohio inaanzia 4. Watu wengi hawajui hiyo, wanarudi nyumbani bure.

Mzee wa Kahawa
Mnapoteza muda. Si Trump alishazifuta?

Mleta mada
Shikamoo mzee wangu. Alichofuta Januari 21, 2025 ni amri ya Rais Johnson ya 1965, iliyowabana wenye mikataba ya serikali kuu. Amri ya rais hufutwa na rais mwingine kwa kalamu tu. Ya 1964 ilipitishwa na Bunge, ipo palepale. Ugomvi wenyewe ni wa kale: Seneta Barry Goldwater wa Arizona aliipigia kura ya hapana, akidai Washington haina mamlaka kikatiba ya kumwingilia mwenye hoteli au mwajiri binafsi, ilhali sheria za haki za kiraia za 1957 na 1960 aliziunga mkono. Rand Paul naye, akigombea useneta wa Kentucky 2010, alionyesha mashaka kama hayo, kisha akasema angepiga ndiyo. Hoja yao naielewa. Ila majimbo yaliachiwa jambo hili karibu miaka mia, na Mississippi tunajua iliwafanyia nini watu weusi.

Mzee wa Kahawa
Marahaba. Hapo nimekupata.

Mgeni wa Jumatatu
Nimesoma kimya kimya. Niko Ohio pia. Nilifukuzwa Machi 3, siku ya tatu baada ya kulalamika kuwa Waafrika tu ndio tunaosafisha vyoo. Nimechelewa?

Mleta mada
Pole sana. Kulipiza kisasi kwa aliyelalamika nako ni kosa. Kwa Ohio, EEOC wanapokea ndani ya siku 300, kwa hiyo mwisho wako ni Desemba 28. Usiisubiri hiyo Desemba. Ile meseji ya kukufukuza bado unayo kwenye simu?

Mgeni wa Jumatatu
Ninayo. Simu imepasuka kioo lakini inawaka.