Klabu ya upanga mrefu imetula hela, na upanga wenyewe hatufundishwi

Wakuu, nimevumilia mpaka basi. Niko Ujerumani, na kuna klabu huku (jina nalihifadhi) iliyojitangaza kwamba inafundisha upanga mrefu kwa njia ya Johannes Liechtenauer, yule bwana wa karne ya 14 ambaye mafundisho yake yalikuja kujaza vitabu vya mapigano vya Wajerumani. Nikalipa ada, tena ya miezi ya mbele kama walivyotaka, nikanunua na glavu. Nimeambulia nini? Kurukaruka.

Wanachofanya ni hiki. Wawili wanasimama, kocha anasema anza, kila mmoja anamvamia mwenzake bila kujikinga. Panga zinatua vichwani kwa pamoja, paa! Kocha anakuna kidevu, anatamka: "Pointi kwa wa kulia, kamuwahi kidogo." Kamuwahi wapi jamani? Panga hizo zingekuwa na makali, hapo pana maiti mbili, na moja ndiyo mshindi! Ukiuliza, unaambiwa wewe bado mgeni, utazoea. Nizoee kufa?

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya ujinga huo iko kwenye somo la mwanzo kabisa la Liechtenauer. Zornhau, pigo la hasira: mwenzako anakushushia upanga kutoka bega lake la kulia, nawe unashusha wako kutoka bega lako la kulia, panga zinakutana, na ncha yako tayari imemwelekea usoni. Pigo hilo hilo moja limekukinga na limemtisha. Hapo sasa usiwe na papara, sikilizia kwa mikono. Kalegea? Mchome. Kakaza, anausukuma upanga wako pembeni? Utoe kwa juu, mshushie upande wa pili kichwani. Huko kusikilizia kunaitwa Fühlen, na ndiyo raha yote ya mchezo huu. Kwetu klabuni panga zikigusana tu, kila mtu anaruka nyuma kama kakanyaga kaa la moto.

Nilimpelekea kocha kwenye simu maandishi ya Sigmund Ringeck, aliyefafanua mafundisho ya Liechtenauer. Kitabu chenyewe kiko maktabani Dresden, kimepigwa picha, unakisoma mtandaoni bila kulipa senti. Hata hakuangalia. "Hayo ni ya kwenye makaratasi." Sawa, na jina la Liechtenauer kwenye tangazo lenu lilifuata nini? Na fotokopi za kitabu cha mapigano cha Joachim Meyer cha 1570 mnazotuuzia, hizo siyo makaratasi?

Wakibanwa wanasema huu ni mchezo tu, hata zamani watu walicheza. Nusu nakubali. Meyer mwenyewe anaeleza kwamba enzi zake Wajerumani walishaacha kuchomana kwa upanga mrefu. Lakini mchezo ule ulikuwa na wenyewe! Kulikuwa na chama cha wapiganaji wa upanga, Marxbrüder, kilichopewa hati na Kaisari Friedrich III mwaka 1487. Ukitaka kuitwa bwana wa upanga, unakwenda Frankfurt msimu wa maonyesho ya biashara, mabwana wenyewe wanakupima. Siku hizi ukiwa na barakoa na fulana yenye nembo, tayari kocha.

Tena kuna kitabu cha kale zaidi kiko Nürnberg, wajuzi wanakiita 3227a, mwandishi wake anawaponda walimu wa maonyesho wanaobuni mapigo mapana ya kupendeza macho. Yaani hawa watu walishatukanwa kabla hawajazaliwa.

Usalama ndiyo usiseme. Barakoa za klabu ni za mchezo wa kawaida wa vitara (fensi), zinafunika uso na pembeni, kisogo kiko wazi. Wanaojua kazi yao huzivalisha juu kifuniko kigumu cha kukinga kisogo. Zwerchhau ni pigo la kulala, dole gumba chini ya bapa, linakuja usawa wa kichwa. Mtu akigeuka kidogo tu limemkuta nyuma. Na hizi Feder, panga za mazoezi, hazina makali, lakini ni chuma cha karibu kilo moja na nusu. Dada mmoja kapigwa kisogoni, kaketi chini anashika kichwa, kocha anamwambia anywe maji, pambano linalofuata likaanza pembeni yake. Hakuna aliyemuuliza kama anaona vizuri!

Nimeandika barua pepe nirudishiwe ada ya miezi iliyobaki. Kimya. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp, wakanitoa.

Sasa mlioko Ujerumani naombeni msaada. Ukijitoa kwenye klabu kabla ya muda, hela ya mbele unaidai vipi, kwa barua ya posta au mpaka mwanasheria? Na kama kuna anayejua kikundi ambacho mapigo ya wote wawili yakitua kwa pamoja hakuna anayepewa pointi, anitumie ujumbe. Hata kama ni saa mbili kwa treni, nakuja.