Mjadala: Adui wa picha ya kutisha lazima awe "chizi"?

Mleta mada (Chikongola, Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Nina hoja, ila nianze na kilichonipata.

Jumamosi umeme uliporudi tulijaa sebuleni kwa kaka, watu tisa na bakuli la korosho, tukaweka Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Haina rangi. Vijana wakaguna, wakaguna, mpaka yule dada aliyekwapua dola 40,000 za mteja wa bosi wake alipoingia kuoga. Shemeji alishatutuliza: "Steringi hafi." Kafa, tena picha haijafika nusu! (Ile damu ni shira ya chokoleti, kwa taarifa yenu. Picha isiyo na rangi nani angejua?)

Sasa njooni hapa. Norman Bates, kijana wa gesti, anapiga deki bafu, anaviringisha maiti kwenye pazia, anaitia kwenye buti, gari analisukumia kinamasini. Linazama, linazama, halafu linakwama, paa liko nje. Norman anatazama huku na huku. Sebule kimya. Mama yangu mdogo, mwanamke wa swala tano, akapaza sauti: "Zama basi!" Yaani tulishakuwa upande wa mtu anayeficha maiti, na hatukujua tumefikaje.

Hapo nilivua kofia. Lakini mwishoni anakuja daktari wa akili, anasimama katikati ya chumba na kutoa mhadhara: kijana anaishi na nafsi mbili, yake na ya mama yake aliyemuua mwenyewe. Sebule ikapumua. "Kumbe chizi!" Mikono ikarudi kwenye korosho.

Asubuhi yake nikawakuta wapwa zangu njia ya sokoni wanamtupia mabibo yaliyooza mzee mmoja anayeongeaga peke yake. "Normani! Normani!" Mzee amejikunyata, kanzu imelowa maji ya mabibo.

Ninachosema: ugonjwa wa akili ukitumika kama jibu la "kwa nini aliua", sisi tunaondoka salama na mzigo anaachiwa mgonjwa asiyehusika. Watunzi wetu nao wanaiga hivyo hivyo, wakikwama tu wanamleta chizi na panga. Naona Bodi ya Filamu iweke sharti la kukataza hilo. Naomba kupingwa.

Mwenye kibanda umiza wa zamani (Magomeni, Mtwara)

Mkuu, umewawekea watoto Psycho saa nne za usiku halafu kesi unampa Hitchcock? Kwenye kibanda changu wenye sare za shule walikuwa hawavuki mlango.

Mpenda picha za kale (Lindi mjini)

Napinga, hasa hilo la sharti.

Kwanza, haikutoka hewani. Robert Bloch alitoa kitabu cha Psycho mwaka 1959, miaka miwili baada ya muuaji Ed Gein kukamatwa kule Plainfield, jimbo la Wisconsin, Marekani. Majirani walimwona mpole, wengine walishamwachia watoto awaangalie. Mahakama ilimwona hawezi kusimama kizimbani, akapelekwa hospitali. Huo ugonjwa haukubuniwa na mtunzi.

Pili, sharti lako lingetunyima M ya Fritz Lang, Ujerumani, 1931. Sijui wangapi mmeiona. Kuna mtu anaua watoto, na kila akikaribia kuua anapiga mbinja wimbo ule ule. Polisi wanasaka kila kichochoro mpaka wezi wanakosa kazi, basi wezi wenyewe wanaamua kumtafuta. Anayemtambua ni kipofu muuza maputo, kwa ile mbinja. Kijana mmoja anajichora herufi M kiganjani kwa chaki, anajifanya kujikwaa, anampiga kofi la begani, na alama inabaki kwenye koti. Wanamburuta hadi kwenye kiwanda kibovu cha pombe, wanakaa kama mahakama. Peter Lorre, anayeigiza muuaji, macho yamemtoka, anawaambia ninyi mnaiba kwa kupenda, mimi hiki kitu kinanikimbiza, sina pa kukikwepa. Umati unapiga kelele auawe.

Wananchi wenye hasira kali, hao hao wa kwenye taarifa zetu za habari! Ukimwondolea yule muuaji ugonjwa, ile kesi haina uzito wowote. Inakuuliza wewe uliyekaa kwenye kochi ungepiga kelele na nani.

Mleta mada

Kwa M nimekubali, mkuu. Lakini kule ugonjwa ndio unaanzisha swali. Kwa Hitchcock unaletwa dakika za mwisho kulifunga.

Nesi mstaafu (Masasi)

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote, na mimi nina picha yangu. Misery, ya mwaka 1990. Nesi amemfungia mwandishi chumbani, anamvunja vifundo vya miguu kwa nyundo. Kathy Bates alipewa Oscar kwa nesi yule. Nambieni, baada ya hapo kuna aliyeacha kwenda kliniki kwa kuogopa manesi? Hakuna. Mnatujua. Mnajua nesi gani mkali, nesi gani ana mkono mwepesi wa sindano.

Mgonjwa wa akili hamumjui, ndiyo maana picha moja inatosha kuwajaza. Mtu akikosea chenji dukani mnasema apelekwe Mirembe, kama vile Mirembe ni jela ya majini. Ni hospitali, iko Dodoma, watu wanaingia na wanatoka.

Wangu walikuwa wanakuja na kadi zao, wanapanga foleni kwa sindano ya mwezi, wananiuliza hali ya mguu wangu. Wengi mara ya kwanza waliletwa na michubuko ya kamba mikononi, maana walishazungushwa kwa waganga miezi kadhaa wakiwa wamefungwa. Panga nimeinuliwa mara moja tu kazini. Aliyeliinua hakuwa na kadi kwetu. Ni mume wa mtu, mzima wa akili, hata pombe ya uraka hakunywa siku ile. Aliona tumechelewa kumhudumia mkewe.

Kwa hiyo wewe wa Lindi, Gein alikuwepo, sikatai. Ila wale wa foleni yangu ni wengi kuliko yeye, na sijaona picha hata moja yao.

Babu wa Newala

Shikamooni mliotangulia, wengine marahaba.

Tulipokuwa wadogo lipiko wa ngoma ya Kimakonde akitoka tulikuwa tunakimbia mpaka tunapoteza viatu. Kinyago kichwani, mwili wote umefunikwa nguo, tunaambiwa huyo si mtu, ametoka kwa wafu. Ulipofika wakati wetu wa jando, tukaonyeshwa. (Mengine hayasemwi hapa.) Nilimwona ni mjomba wangu, anatoa jasho, anaomba maji.

Sasa nyinyi mnaniambia Mzungu katengeneza picha, kavua kinyago, chini yake kuna mtu, halafu haraka haraka akamvika kingine kilichoandikwa "mgonjwa". Mbona alikuwa ameshafika kwa mjomba?

Mpenda picha za kale

Babu, shikamoo. Hiyo naichukua. Ila tumalizie picha yenyewe: baada ya mhadhara wa daktari Hitchcock anarudi kwa Norman, kakaa peke yake na blanketi, nzi katua mkononi, halafu anatutazama sisi na kutabasamu. Daktari kaeleza yote na bado lile tabasamu hana jibu lake. Nadhani Hitchcock naye hakuuamini ule mhadhara sana. Waliopumua ni nyinyi wa Chikongola.

Mleta mada

Hapo umenibana. Wakati wa nzi sisi tulikuwa tunagombania korosho za mwisho.

Sharti la Bodi naliondoa, M imenishinda. Kuhusu watunzi wetu sirudi nyuma: chizi na panga ni uvivu.

Nesi mstaafu

Na yule mzee wa njia ya sokoni, ana ndugu? Anapata dawa?

Mleta mada

Sijui, Mama. Wapwa nimewapeleka wakamwombe radhi, akawauliza kama wana mabibo mengine, mazima. Kesho naanza na mwenye duka la jirani, atakuwa anajua kwao.

Mwenye kibanda umiza wa zamani

Jumamosi mnaweka nini?

Mleta mada

M. Mama mdogo ameshauliza kama hiyo nayo haina rangi.