Wauzaji wa vitabu vya zamani vya uhandisi wa redio: picha ya jalada haitoshi!

Wakuu, hili limezidi. Mtu anaandika "Terman, kitabu cha redio, cha zamani sana," anaweka picha moja ya jalada, anataka hela. Terman ni mwandishi; ni kitabu chake kipi? Radio Engineering kilitoka 1932, kikafuatiwa na matoleo mengine. Radio Engineers' Handbook ni cha 1943. Ni vitabu viwili tofauti kabisa: cha kwanza ni cha kufundishia, cha pili ni cha fomula, majedwali na grafu, kurasa zaidi ya 1,000. Anayetafuta fomula ya induktansi ya koili akiletewa kile cha darasani ameuziwa kitu kingine!

Radiotron Designer's Handbook, kitabu cha marejeo cha wabunifu wa redio, ndiyo balaa zaidi. Toleo la tatu lina kurasa 350 hivi, la nne karibu 1,500. Halafu tangazo linasema "Radiotron, hali nzuri", basi. Kabla ya kutuma pesa muulize muuzaji namba ya ukurasa wa mwisho. Akishindwa kujibu hilo, kitabu hana mkononi.

Na hizi ISBN, namba za kimataifa za kutambulisha vitabu! Mfumo huo ulianza kutumika kimataifa 1970. Tangazo la kitabu cha 1943 likiwa na ISBN, ama kinachouzwa ni nakala iliyochapwa upya, ama maelezo yameokotwa kwingine. Nakala nyingi za namna hiyo zinatokana na skani mbovu. Karatasi za kukunjua zimeskaniwa zikiwa zimekunjwa. Grafu zimeskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu, kwa hiyo mistari myembamba imetoweka na ile iliyosongamana imeungana. Nomogramu, yaani chati ya mizani kadhaa, inasomwa kwa kulaza rula. Ukurasa ukipinda kidogo tu kwenye skana, jibu si lenyewe.

Baya kuliko yote ni faili la skani lililobanwa ovyo kwa JBIG2, njia ya kupunguza ukubwa wa picha za nyeusi na nyeupe. Programu hukusanya maumbo yanayofanana na kuhifadhi moja tu, hivyo 6 inaweza kugeuka 8, tena ikiwa safi, bila doa la kukushtua. Chukua mistari mitatu minne ya jedwali uikokotoe mwenyewe kabla hujaliamini.

Tunachotaka ni picha tano: ukurasa wa jina la kitabu, upande wa nyuma wa ukurasa huo (ndipo penye mwaka, toleo na chapa), ukurasa wa mwisho, uti wa kitabu, na kila karatasi ya kukunjua ikiwa wazi. Ukungu utajwe. Selotepu itajwe pia, maana gundi yake hugeuka njano na kuzama kwenye karatasi.

Na acheni kutuma kitabu cha kurasa 1,500 kwenye bahasha! Gundi ya uti ilishakauka, kitabu kikidondoka kwa kona kurasa zinang'oka mafungu mafungu. Kibaneni kati ya kadibodi mbili ngumu, kiingie kwenye boksi, mjaze nafasi zote mpaka kisicheze.